Prednisoloni, methotreksati au sindano ya TNF: dawa ipi ya baridi yabisi inatufaa visiwani?

Mama mdogo wangu alishuka bandari ya Malindi, Unguja, na boti ya kutoka Mkoani, Pemba, mkobani ana vitu vitatu. Kopo la maziwa ya unga limejaa vidonge vya prednisoloni vya miligramu 5, ambavyo alikuwa akijinunulia mwenyewe dukani kwa mwaka na nusu bila kuulizwa cheti. Karatasi ya daktari iliyoandikwa methotreksati, dawa ambayo hakuigusa hata siku moja kwa sababu jirani yake kamwambia ni dawa ya saratani. Na simu yenye ujumbe wa sauti wa binti yake aliyeolewa Muscat: "Mama, huku kuna sindano, unajichoma kila baada ya wiki mbili na viungo vinanyamaza. Nikutumie?"

Akaviweka vyote juu ya meza yangu, akavua ushungi, akaniuliza: "Haya mwanangu, wewe si ndiye uliyesomea madawa? Ipi?"

Mimi ni mfamasia, si daktari wa viungo. Kuandika dawa si kazi yangu. Lakini kumweleza mtu tofauti ya dawa tatu ili akae mbele ya daktari wake akijua anachouliza, hiyo ni kazi yangu hasa, na niliyomwambia siku ile nayaweka hapa kwa marefu zaidi, maana si yeye peke yake anayetembea na kopo la namna ile.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwetu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi: goti lililochakaa kwa umri, jongo linalouma kidole gumba cha mguu, hata mgongo wa mtu aliyebeba magunia ya karafuu. Ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwenyewe. Hushika vidole na viwiko vya mikono yote miwili, na asubuhi mtu anaamka mikono imekakamaa kwa zaidi ya saa nzima. Mama mdogo alianza kuijua siku aliposhindwa kufunga mfereji baada ya kuchukua udhu. Kisha akashindwa kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na msimu wa karafuu ukafika hawezi kuchambua hata pishi moja. Daktari alimpima damu na kuthibitisha. Kama lako ni goti la uzee, hakuna kati ya dawa hizi tatu inayokuhusu.

Mbiu inayolia pasipo jambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwili nao una mbiu zake. Ukijikata na jiwe la pwani vijidudu vikaingia, seli za ulinzi zilizo karibu hutoa protini ndogo ndogo zinazoitwa saitokini. Protini hizi haziui kijidudu. Kazi yake ni kupeleka habari: zinatoka seli moja, zinagusa kipokezi kwenye ngozi ya seli nyingine, na seli hiyo inabadili mwenendo. Kiasi kidogo mno kinatosha. Seli isiyo na kipokezi cha saitokini ile haisikii lolote, kama mtu aliyelala fofofo wapiga daku wakipita dirishani.

Kila mbiu ina mlio wake. Iitwayo TNF hulegeza kuta za mishipa midogo ili askari wa damu watoke waingie penye jeraha. Ndiyo maana pale panavimba, panakuwa pekundu na pa moto. Interlukini-6 husafiri mbali zaidi: ikifika kwenye ubongo homa inapanda, ikifika kwenye ini linatengenezwa lile protini la CRP ambalo maabara hulipima. Interferoni, ambayo Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, huwatahadharisha majirani kwamba kirusi kimeingia mtaani. Interlukini-4, 5 na 13 huita jeshi la kupambana na minyoo. Tena ipo interlukini-10, ambayo kazi yake kubwa ni kuwaambia wengine basi, yatosha, rudini majumbani.

Katika baridi yabisi mbiu inalia ndani ya utando wa kiungo na adui hayupo. Anayeisikia naye anapiga yake, wa tatu naye anadakia, na huku wakipigiana hivyo gegedu na mfupa vinaliwa. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani hakuna faida ya kuzima mlio mmoja ilhali ipo mingi. Waliowaonyesha vinginevyo ni Marc Feldmann na Ravinder Maini, pale pale London. Walichukua seli za viungo vya wagonjwa, wakaziba TNF peke yake, wakaona na mbiu nyingine zinafifia. Mwaka 1992 walimpa dawa hiyo mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi. Kwa hiyo TNF si mpigaji mmoja kati ya wengi. Ni yule anayeanza, wenzake wakamfuata.

Ukishaipata picha hiyo, tofauti ya dawa zetu tatu ni nyepesi kuiona. Kila moja inaikata habari mahali pake.

Zinapokatia

Prednisoloni huingia ndani kabisa ya seli, mpaka penye jeni, na kuzuia mbiu zisitengenezwe. Haichagui. TNF, interlukini-1, interlukini-6, zote zinapungua kwa pamoja, za lazima na zisizo za lazima. Ni kama kumziba mdomo kila mwenye mbiu mji mzima. Mji utatulia, lakini mwizi akiingia hakuna wa kupiga ukelele.

Methotreksati haizibi mdomo wa mtu. Kwa dozi ndogo ya mara moja kwa wiki, inazituliza seli zinazochochea ugomvi. Moja ya njia zake zinazojulikana ni kuongeza adenosini kwenye kiungo, kemikali ya mwili wenyewe inayopoza uvimbe. Kazi yake ni ya polepole, na ndiyo sababu watu huikata tamaa kabla haijaanza.

Sindano ya Muscat, adalimumabu, ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo inaikamata TNF njiani kabla haijafika kwenye kipokezi. Mbiu imepigwa, sauti imetoka, lakini imedakwa hewani. Mbiu nyingine zote zimeachwa. Etanasepti nayo hufanya kazi inayofanana, isipokuwa yenyewe ni kipokezi cha bandia: TNF inagota pale ikidhani imefika. Tosilizumabu haihusiki na TNF, inaziba kipokezi cha interlukini-6.

Kuna na vidonge vipya vya jamii ya tofasitinibu, vilivyoanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2012, ambavyo huiacha habari ifike mlangoni kisha vikaizuia isipite ndani ya seli. Havihitaji friji, hilo ni zuri. Lakini vinaleta mkanda wa jeshi kwa urahisi, na kwa wazee wenye maradhi ya moyo au wavutaji sigara kuna hofu ya damu kuganda. Sitaviongelea zaidi ya hapo kwa sababu hakuna aliyempa mama mdogo.

Na diklofenaki? Nauliza kwa sababu ndiyo inayouzwa kuliko zote. Diklofenaki haigusi mbiu hata kidogo. Inazuia prostaglandini, ambazo huja baadaye na kuleta maumivu na joto. Maumivu yanapungua, mfupa unaendelea kuliwa, na figo na tumbo vinalipa gharama. Bizari ya manjano imeonyesha kwenye vyombo vya maabara kwamba inaweza kuzipunguza baadhi ya saitokini, hilo ni kweli, lakini ikiliwa huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Endelea kuitia kwenye mchuzi. Ninaloliogopa ni dawa za miti shamba za viungo zinazoponya kwa siku mbili. Mti hauponyi baridi yabisi kwa siku mbili. Sehemu nyingi duniani dawa kama hizo zikipimwa zimekutwa zimechanganywa na steroidi za hospitali, jamii ile ile ya prednisoloni, bila ya mnunuzi kuambiwa.

Kasi, na bei ya kasi

Kwa kasi prednisoloni haina mpinzani. Septemba 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, dada mkubwa wa prednisoloni, na mtu aliyekuwa hajiwezi akatembea baada ya siku chache. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Dunia ilifurahi, kisha dozi zikaendelea na nyuso zikaanza kuvimba.

Mama mdogo alinicheka nilipomwambia hivyo, halafu akajishika mashavu. Watu wa Wete wamekuwa wakimwambia amenenepa, amependeza. Hakunenepa. Uso umejaa kwa dawa, ngozi ya mikono imekuwa nyembamba mpaka akijigonga kidogo anavilia damu, na sukari yake, ambayo hakuwahi kuwa nayo, nilipoipima pale dukani nikamwambia tusiondoke bila kumuona daktari. Ukiongeza na presha, mtoto wa jicho, na mifupa inayokuwa myepesi, utaona deni la mwaka na nusu.

Na kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa sauti, maana mtu akisoma hapa anaweza kukimbilia kulitupa kopo lake. Usitupe. Ukishazinywa kwa zaidi ya wiki tatu, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinakuwa zimelala. Ukikata ghafla unaweza kuanguka presha na hata kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa mpango wa daktari, kwa wiki na pengine miezi.

Methotreksati inataka subira ya wiki 6 hadi 12. Sindano ziko katikati, wengine huona nafuu ndani ya wiki mbili tatu, wengine hukaa hadi miezi mitatu. Lakini nafuu ya hizi mbili ina kitu ambacho prednisoloni ya kujinunulia haina: zinaulinda mfupa usiliwe bila kuuchosha mwili kwa upande mwingine kwa kiasi kile. Ndiyo maana madaktari hupenda kuzitumia pamoja kwa utaratibu, prednisoloni ya dozi ndogo kama daraja la wiki chache wakati methotreksati inajipanga, kisha daraja linavunjwa. Kosa la mama mdogo ni kujenga nyumba juu ya daraja.

Nisiionee prednisoloni na ndugu zake. Mwaka 2020, wakati wa korona, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei ya chini kabisa, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Wale walioumwa bila kuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Dawa ya kuziba midomo yote inafaa siku mbiu zenyewe zinapotaka kuua mgonjwa. Si dawa ya kunywa na chai kila asubuhi kwa sababu vidole vimekakamaa.

Kifua kikuu na minyoo

Hapa ndipo ulinganisho wa vitabu vya Ulaya unapoachana na wetu, na hapa ndipo nilipokaa na mama mdogo kwa muda mrefu kuliko pengine popote.

Mtu anaweza kuvuta vijidudu vya kifua kikuu leo na asiugue maisha yake yote. Havikufa. Seli za ulinzi zimevizunguka kama boma, na boma hilo linasimama kwa sababu TNF inaendelea kuwaita walinzi zamu kwa zamu. Ukiidaka TNF hewani, walinzi hawasikii, boma linabomoka. Si nadharia: mwaka 2001, miaka mitatu tu baada ya sindano ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni Marekani, jarida moja la kitabibu liliripoti wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuitumia, wengi wao wakiwa na kile kinachotoka nje ya mapafu, ambacho ni kigumu kukigundua.

"Mama mdogo," nikamuuliza, "marehemu baba mdogo si alitumia dawa za kifua miezi sita?" Akanyamaza kidogo. "Alitumia. Chumba kimoja tulilala."

Basi kwake sindano bila kipimo ni kamari. Kipimo ni cha ngozi, au cha damu ambacho, kwa mzaha wa maumbile, kinasoma mbiu nyingine: damu inachanganywa na protini za kijidudu cha TB, na ikiwa seli zake zinakikumbuka zitatoa interferoni gama ambayo maabara inaipima. Kikijibu ndiyo, unakunywa dawa ya kinga kwanza, na sindano inasubiri angalau mwezi mmoja. Tena mtu aliyekwisha jaa prednisoloni kipimo kinaweza kumdanganya, kwa sababu seli zake zimezibwa midomo hata za kujibu. Kwa hiyo hujibiwi tu kwa karatasi, na picha ya kifua inahitajika.

Kama lazima sindano, kwa mtu wa kwetu ningemwambia amuulize daktari habari za etanasepti kabla ya adalimumabu. Zote zinashika TNF, lakini waliofuatiliwa kwa miaka wameonyesha kifua kikuu kidogo zaidi kwa etanasepti. Na vilevile kipimo cha homa ya ini aina ya B, ambayo huweza kuamka kutoka usingizini.

Prednisoloni nayo isijione salama. Dozi ya miligramu 15 na zaidi kwa siku, kwa mwezi mzima, inatosha kuitikisa kinga ya kifua kikuu. Lakini balaa lake la kipekee, na hasa Pemba, ni mnyoo unaoitwa stronjiloidi. Huingia kwa miguu peku kwenye udongo mbichi na unaweza kujizalisha ndani ya mtu kwa makumi ya miaka bila ya yeye kujua. Wanaouweka chini ya ulinzi ni wale walioitwa na interlukini-4, 5 na 13. Prednisoloni inawanyamazisha, mnyoo unaongezeka, unatoboa utumbo ukiwa umebeba bakteria, na mgonjwa anafika hospitali na sumu ya damu. Kisiwa kile kimechunguzwa minyoo na kichocho kwa miaka mingi, maabara ya Ivo de Carneri iko Chake Chake tangu mwaka 2000, na bado mtu anakunywa steroidi mwaka mzima bila kupimwa choo. Ivermektini ndiyo inayotumika kuumaliza mnyoo huu, na daktari anaweza kuiandika mapema.

Methotreksati inapunguza kinga kwa kiasi, ndiyo, lakini kwa dozi ya viungo hatari yake ya kifua kikuu haifikii ya sindano hata kidogo. Shida zake ziko kwingine: ini, uboho wa damu, na ujinga wa kuinywa kila siku. Huo wa mwisho ndio unaoua. Nimeshaona cheti kilichoandikwa vizuri na mgonjwa akaelewa vibaya, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kupewa dawa ya mara moja kwa wiki. Hofu ya saratani nayo jibu lake ni dozi: anayetibiwa saratani hupewa kiasi kikubwa mara nyingi zaidi ya miligramu 7.5 hadi 25 za wiki nzima ambazo mtu wa baridi yabisi hunywa, pamoja na asidi ya foliki siku nyingine kumpunguzia vidonda vya mdomo na kichefuchefu.

Na tafadhali, aliye kwenye methotreksati asinunue kotrimoksazoli kiholela kwa mafua au mkojo. Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuzima uboho. Hilo nawaambia hata wenzangu wa madukani.

Friji, boti na umeme

Adalimumabu hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka kwenye friji inaruhusiwa siku 14 mradi joto lisizidi nyuzi 25, na isigande. Msimu wa kaskazi chumba cha mtu wa Wete hakishuki nyuzi 25 hata usiku wa manane. Fikiria safari yake: ndege ya Muscat, forodha, boti, daladala, kisha friji ya jirani iliyojaa maji ya barafu ya kuuza, inafunguliwa kila dakika tano.

Umeme umetulia siku hizi kuliko zamani, lakini waliokuwepo Unguja hawajasahau mwaka 2008, waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 miezi kama mitatu. Dawa ya protini ikipata joto haibadiliki rangi wala kunuka. Inakufa kimyakimya na unaendelea kujichoma maji.

Vidonge vya methotreksati na prednisoloni vinakaa kabatini. Ulinganisho wa friji umeisha.

Fedha

Prednisoloni ni ya bei ya chini mpaka inatia wasiwasi. Methotreksati ni ya juu kidogo, na inakuja na gharama yake ya pili ambayo watu huisahau: kupima damu, ini na figo kila baada ya wiki chache mwanzoni, baadaye kila miezi miwili mitatu. Vipimo hivyo ni vya kawaida, havihitaji kuvuka bahari.

Sindano ni mambo mengine. Tangu 2019 adalimumabu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zimetoka nakala halali zake zilizoshusha bei katika nchi nyingi, ila kuwemo kwenye orodha si kuwemo kwenye rafu. Binti akiwa na kazi atatuma. Je, mwakani? Akijifungua, akihama, mumewe akipoteza kazi? Sindano hizi haziponyi ugonjwa, zinaudaka kila wiki mbili. Ukikosa miezi miwili mbiu inarudi, na wakati mwingine mwili unakuwa umeshajifunza kuitengenezea dawa yenyewe kingamwili, ukirudia haifanyi kazi kama zamani. Kuanza ukijua utakatisha ni vibaya kuliko kutoanza.

Nani achague nini

Kwa mtu aliyegunduliwa karibuni, anayeweza kufika hospitali kupima damu, na ambaye hatarajii ujauzito, mimi naona methotreksati mbele, na prednisoloni kidogo ya muda mfupi pembeni. Sioni ubishi hapo, na miongozo ya nchi zenye kila dawa nayo huanza hapo hapo. Mwanamke anayetaka mtoto hiyo si yake kabisa, inaharibu mimba na huachwa miezi kadhaa kabla. Zipo haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo hutumika hata katika ujauzito.

Sindano ni ya yule ambaye methotreksati ya dozi kamili kwa miezi kadhaa imeshindwa, ameshapimwa kifua kikuu na ini, na ana uhakika wa dawa na friji ya kuihifadhia kwa mwaka mzima. Anayetumia asichomwe chanjo zilizo hai, ikiwemo ya homa ya manjano, bila kumuuliza daktari, na wasafiri wetu wanaijua kadi ile ya njano. Chanjo ya uti wa mgongo ya Hija si hai, hiyo haina neno. Tosilizumabu ningeiweka nyuma zaidi kwa sababu inaficha homa na CRP pamoja: mtu anaweza kuwa na nimonia akipima joto yuko sawa na maabara imemwambia mzima.

Prednisoloni peke yake, miezi na miaka, sioni ya nani. Labda mzee sana ambaye nyingine zote zimemkataa, tena kwa dozi ndogo kuliko zote na macho ya daktari juu yake.

Tulikwenda kwa daktari siku ya pili. Alianza kumshusha prednisoloni taratibu, akamwandikia vipimo na picha ya kifua, ivermektini, dawa ya sukari, na methotreksati ile ile ya kwanza. Jioni tukampigia binti Muscat. Mama mdogo akamwambia, "Sindano iache huko huko kwenye friji yenu. Nitumie pesa za vipimo." Upande wa pili kukawa kimya, kisha tukasikia kicheko.

Kabla hajapanda boti nilichukua kalamu nene nikaandika juu ya pakiti kwa herufi kubwa: IJUMAA TU. Juu ya asidi ya foliki nikaandika JUMATATU. Akazigeuza geuza, miwani imeshuka puani.

"Ijumaa kabla ya sala au baada?"

"Baada ya kula, mama mdogo."

"Na Ramadhani?"

"Baada ya futari. Siku ile ile."

Akaitia pakiti kwenye lile kopo la maziwa, akalifunga, akaniambia nimtafutie kopo jingine la hivi vingine, asije akachanganya.